Samaki Aliyekufa Bila Sababu

Katika masoko ya Gitega na Muyinga, nchini Burundi, ndagala hupimwa kwa kikopo. Ni samaki mdogo kuliko kidole, aliyeanikwa juani kando ya Ziwa Tanganyika, kisha akapandishwa milima kwa gari mpaka katikati ya nchi. Upande wa Muyinga huja pia dagaa wa Tanzania, wanaopitia mpaka wa Kobero. Muuzaji hujaza kikopo mpaka kifanye kichuguu, mnunuzi hudai nyongeza, na wale wachache wanaodondoka juu ya mkeka huokotwa mmoja mmoja na kurudishwa kwenye lundo. Nyumbani hupepetwa mchanga tu, kisha huingia chunguni wakiwa na vichwa na macho yao, pamoja na isombe (kisamvu) au maharage. Hakuna cha kutupa. Utafiti wa taifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi ya namna hiyo, anayeokota ndagala mkekani haitwi bahili.

Zaidi ya kilomita 1,000 mashariki ya masoko hayo, baharini, hesabu hufanywa kwa namna nyingine. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa makadirio yake ya samaki wanaovuliwa baharini duniani kote na kutupwa majini bila kutumiwa: tani milioni 9.1 kwa mwaka, yaani kama kilo moja katika kila kilo kumi zinazovuliwa. Karibu nusu ya hao, asilimia 46, walitoka katika chombo cha aina moja: trola, meli inayokokota wavu kwenye sakafu ya bahari. Wavu huo ni fuko. Mbao mbili nzito, ambazo mabaharia huziita milango, huutanua mdomo wake. Mnyororo hutangulia mbele ukikwaruza mchanga ili kamba washtuke na kuruka, na fuko likawazoa. Pamoja nao huzolewa kaa, taa wachanga, chewa wadogo, ngisi, wakati mwingine kasa. Fuko hupandishwa baada ya saa kadhaa na kumwagwa sitahani. Mikono huchagua kamba. Kinachobaki husukumwa baharini, na sehemu kubwa yake imekwisha kufa kwa kubanwa, kwa joto na kwa kukosa maji. Katika uvuvi wa kamba wa nchi za joto, kinachotupwa mara nyingi huzidi kinachobaki melini.

Wataalamu wa bahari na wa uchumi wamekwisha kuandika mengi kuhusu jambo hili. Hapa nauliza swali ambalo ni mali ya msikiti na kanisa: je, kumuua kiumbe usiyemtaka, hali unajua kwamba utamuua, ni dhambi? Na mahali pa kuliulizia si lazima pawe ufukweni. Gitega ni makao ya askofu mkuu, Muyinga ni makao ya askofu, na Muyinga hiyo hiyo ina jamaa kubwa ya Waislamu wanaofanya biashara kwa Kiswahili. Watu wa miji hiyo hawana bahari, lakini wana kipimo. Hoja yangu ni hii: kuua kiumbe ni kukopa, na matumizi ndiyo malipo. Anayeua bila kutumia amekopa bila nia ya kulipa, na akifanya hivyo kila siku hawezi tena kusema kwamba hakukusudia.

Tuanze na yale ambayo dini hizi mbili zinakubaliana. Hakuna hata moja inayomkataza mtu kula samaki. Kurani, katika sura ya tano, inahalalisha mawindo ya bahari na kutaja sababu yake: ni riziki kwa wakaaji na wasafiri. Ruhusa imekuja pamoja na sababu, na ruhusa yenye sababu haivuki mpaka wa sababu hiyo. Ndiyo maana sura ya sita, inapozungumzia mavuno, inaagiza haki ya wahitaji itolewe siku ile ile ya kuvuna, na hapo hapo inakataza israfu. Ubadhirifu na dhuluma kwa maskini vimewekwa katika aya moja, kana kwamba ni kosa moja lenye nyuso mbili. Na katika mkusanyiko wa an-Nasai imo hadithi ya shomoro aliyeuawa mchezo tu: siku ya Kiyama atamshtaki muuaji wake mbele ya Mungu kwamba alimuua bila faida yoyote. Tuangalie shtaka lenyewe. Shomoro halalamiki kwamba ameuawa. Analalamika kwamba ameuawa bure.

Upande wa Kikristo njia ni tofauti lakini inafika pale pale. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, alisema kwamba mtu anaruhusiwa kuua mnyama kwa sababu mnyama amewekwa kwa matumizi ya mtu. Wengi wa leo huiona hoja hiyo kuwa kali mno kwa wanyama, kwa kuwa inawafanya kama vyombo tu. Lakini hata tukiikubali ilivyo, inamhukumu mwenye trola, maana matumizi ndiyo msingi wake wote: matumizi yakiondoka, ruhusa inaanguka. Nayo Injili, baada ya watu elfu tano kushiba, inasimulia kwamba Yesu aliamuru mabaki yakusanywe kisipotee kitu. Aliyekuwa amekwisha kuigeuza mikate mitano kuwa chakula cha umati hakuwa na haja ya makombo. Agizo lile halikutokana na upungufu. Na Marko anaongeza jambo ambalo wahubiri wengi hulipita: katika vile vikapu kumi na viwili kulikuwa na vipande vya samaki pia.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, nalo ni zito. Mvuvi wa kamba hakukusudia kuwaua taa na chewa. Katika Uislamu matendo hupimwa kwa nia. Katika Ukristo iko kanuni ya matokeo mawili, inayoanzia kwa Thomas huyo huyo: mtu anayejitetea asipotaka kumuua adui yake, ila kuyaokoa maisha yake mwenyewe, kifo cha adui hakiwi dhambi yake, kwa kuwa kilikuwa nje ya kusudi. Mbona basi tumhukumu nahodha kwa samaki asiyemtaka?

Jibu liko ndani ya kanuni yenyewe. Thomas hakuishia kwenye kusudi. Alisema kwamba anayejitetea kwa nguvu kupita inavyohitajika anakosa. Jema linalotafutwa na baya linalofuata lazima viwe na uwiano. Chombo kinachoua kilo nyingi za kutupa ili kipate kilo chache za kuuza kimekwisha kuuvunja uwiano huo kabla hakijatoka bandarini. Tena kuna tofauti kati ya ajali na desturi, na vitabu viliiona zamani. Katika Kutoka, sura ya 21, fahali akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenye fahali hana hatia. Lakini kama fahali alijulikana kuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumfunga, hatia inahamia kwake. Kurani nayo inamtaja Daudi na Sulemani wakiamua kesi ya mifugo iliyoingia usiku katika shamba la watu. Mchungaji hakutaka mazao yaliwe, lakini shauri halikuishia kwenye kutaka kwake. Mkulima yeyote wa vilima vya Gitega anaielewa hukumu hiyo. Ng'ombe wa jirani akiingia kwenye maharage mara moja, wazee husuluhisha na watu wakanywa pamoja. Akiingia kila asubuhi kwa njia ile ile, neno "sikukusudia" halisikilizwi tena. Trola huingia shambani kila asubuhi. Anachojua mtu kwa hakika kwamba kitatokea, akakirudia, akakipangia watu wa kukisukuma baharini, kimekwisha kuwa tendo lake. Nia si tamko la moyoni tu. Nia husomwa pia katika chombo unachochagua.

Na chombo huchaguliwa. Historia ya pwani inaonyesha hivyo. Katika ghuba ya Ungwana na Malindi nchini Kenya, mahali mito ya Sabaki na Tana inapomwaga maji yake, trola zilivua kamba kwa miongo kadhaa kandokando ya wavuvi wa mitumbwi na mashua. Wavuvi hao walilalamika kwamba nyavu zao zinakatwa na kwamba samaki ambao wangekuwa mavuo yao wanaelea juu ya maji wakiwa wafu. Mwaka 2006 serikali ilizisimamisha trola, na ziliporudi mwaka 2011 zilikuta mpango wa kuusimamia uvuvi huo: zikae nje ya maili tatu za bahari kutoka ufukweni, na kuwe na msimu wa kufunga. Tanzania nayo ilizisimamisha trola za kamba mwishoni mwa 2007. Zipo pia nyavu zenye kimia cha chuma kinachomwelekeza kasa kwenye tundu la kutokea, na zenye madirisha ya kuwatoa samaki wachanga. Penye njia nyingine, kushika ile ya kwanza ni uamuzi, na uamuzi ndio unaohukumiwa.

Pingamizi la pili linatoka katika Injili yenyewe. Mathayo, sura ya 13, anasimulia mfano wa wavu uliotupwa baharini ukakusanya wa kila aina. Wavuvi wakauvuta pwani, wakaketi, wakaweka wazuri vyomboni na kuwatupa wabaya. Je, si Yesu mwenyewe aliyeuhalalisha uchambuzi wa sitahani? Mfano hutumia desturi inayojulikana ili kufundisha jambo jingine. Hauiamrishi desturi hiyo, kama vile mfano wa mwizi ajaye usiku hauhalalishi wizi. Na hata desturi ile haifanani na hii. Wavu wa Galilaya ulivutwa kwa mikono hadi ufukweni, na waliochambua waliketi, hawakuwa mbioni kuuteremsha tena kabla ya giza. Wabaya yaelekea walikuwa wale ambao Torati haikuruhusu waliwe, wasio na mapezi na magamba. Chewa mdogo anayesukumwa baharini leo si najisi kwa yeyote. Kosa lake ni kwamba bei yake haitoshi kulipia nafasi ya barafu. Zaidi ya hayo, mfano unaikabidhi kazi ya kutenga wema na wabaya kwa malaika, mwisho wa dunia. Haukumpa mtu mamlaka ya kuamua ni kiumbe gani hakustahili kuwepo.

Mpingaji wa tatu atasema kwamba baharini hakuna kinachopotea: samaki aliyetupwa huliwa na papa, na kaa, na ndege wanaoifuata meli. Hilo ni kweli kwa sehemu, na wataalamu wameona jinsi makundi ya ndege yanavyozoea kulishwa na meli. Lakini hoja hiyo inathibitisha kupita kiasi. Ghala la mtama likiungua, majivu hurutubisha udongo. Mkate ukitupwa jaani, panya hushiba. Kama ubadhirifu unafutika kwa sababu kiumbe fulani amepata chochote, basi haupo ubadhirifu duniani, na Mungu alikataza kitu kisichowezekana. Israfu si swali la kama kitu kimeliwa na yeyote. Ni swali la jinsi mtu alivyoishika amana aliyokabidhiwa.

Pingamizi la nne ni la fedha, nalo lisidharauliwe, kwani wanaolitoa wana watoto wa kulisha. Kamba huleta fedha za kigeni na ajira. Chumba cha barafu kina mipaka. Nahodha akikijaza samaki wa bei ndogo, safari itakula hasara. Ndivyo ilivyo, na hapo ndipo kosa linapoonekana kwa uwazi. Aliyeamua nani abaki na nani atupwe ni bei ya meza iliyo mbali, katika mji ambao haukosi chakula. Mizani ya sitahani hupima thamani ya samaki kwa mnunuzi mwenye uwezo. Samaki huyo huyo kwa mama wa Muyinga ana thamani nyingine kabisa. Papa Francis, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, aliutaja waziwazi uvuvi unaotupa sehemu kubwa ya ulichokusanya, na katika waraka huo huo akaushutumu utamaduni wa kutupa, akiunganisha vitu vinavyofanywa taka na watu wanaotengwa. Kuunganisha huko si mapambo ya mahubiri. Jicho lililozoea kuona protini kama taka limekwisha kumsahau mwenye njaa.

Na mwenye njaa ana dai. Thomas alifundisha kwamba ziada ya tajiri, kwa sheria ya maumbile, ni haki ya maskini. Hata sheria ya mataifa imeligusa wazo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 69, unazipa nchi zisizo na bahari haki ya kushiriki kwa usawa katika kuvua sehemu ya samaki waliozidi uwezo wa nchi za pwani za eneo lao. Ziada inayotajwa na mkataba si ile inayosukumwa kutoka sitahani, wala simwambii mtu wa Gitega aende Mombasa na kikapu kudai fungu lake. Lakini wazo lililo chini ya kifungu hicho ni zito: kuzaliwa mbali na pwani hakumwondoi mtu katika orodha ya warithi wa bahari. Kama ni hivyo, samaki anayetupwa akiwa mfu si mali ya nahodha peke yake. Anayemtupa ameteketeza kitu chenye washirika.

Je, basi dawa ni kuamuru kila kilichovuliwa kiletwe nchi kavu? Norway ilianza mwaka 1987 kukataza kutupa baharini chewa wa kaskazini na jamii yake, na Umoja wa Ulaya ukaingiza wajibu wa kushusha mavuo bandarini hatua kwa hatua kuanzia 2015 hadi 2019. Ni hatua njema, maana inamlazimisha mvuvi kukitazama alichokiua. Lakini haitoshi. Samaki asiyetakiwa akishapata soko, hata kama ni la unga wa kulishia kuku, kesho kutwa atavuliwa kwa makusudi. Ziwa Viktoria linalijua hilo. Katika miaka ya 1970 furu wa ghuba ya Mwanza, waliodharauliwa kwa udogo wao, walivuliwa kwa trola ili wasagwe kuwa unga. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani, akaongezeka kwa wingi, na aina nyingi za furu zikatoweka. Sangara ndiye aliyeangamiza zaidi, si trola. Lakini aina nyingi zilikwenda kabla hazijapewa hata jina, na aliyekwisha kuitwa takataka hakupata wa kumlilia. Mpangilio sahihi wa wajibu ni huu: kwanza usimnase usiyemhitaji; ukimnasa, mrudishe akiwa hai; akifa, mtumie. Anayeanzia hatua ya tatu ameziruka mbili.

Hapo mpangilio huo unatugeukia sisi wa ndani ya bara, tusije tukaihukumu bahari kwa raha. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi hutoka usiku usio na mwezi, huwasha taa, na ndagala wakikusanyika chini ya mwanga huinua wavu. Pamoja na ndagala hupanda watoto wa samaki aitwaye mukeke, ambao Warundi huwaita nyamunyamu. Hawatupwi. Huanikwa, huuzwa, huliwa. Kwa kipimo cha kikopo hakuna israfu hapo. Lakini kila nyamunyamu ni mukeke aliyekatizwa kabla hajazaa, na anayelipa ni mlaji wa miaka ijayo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamruhusu mtu akikuta kiota achukue makinda na kumwacha mama aende zake. Sisi tumechagua mabaya zaidi, kuchukua wote. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki. Watu walilalamika, na njaa ya msimu ule haikuwa ya kubuni. Bado kufunga huko kulikuwa aina ya saumu: kuacha halali leo ili iendelee kuwa halali kesho. Matumizi yanayomnyima mwingine matumizi hayalipi deni. Yanalihamishia kwa mtoto.

Hukumu yangu basi ni hii. Kumuua samaki ili aliwe si dhambi. Kumuua kwa ajali ni msiba. Kumuua kila siku, kwa chombo unachokijua, mahali penye njia nyingine, kisha kumsukuma baharini kwa kuwa bei yake ni ndogo, ni dhambi, hata kama leseni iko mfukoni. Dhambi hiyo haimkalii nahodha peke yake. Inamfikia mwenye meli, serikali inayouza leseni bila kuuliza, na mlaji wa kamba asiyetaka kujua. Maimamu wa Muyinga na mapadri wa Gitega wana haki ya kulisema hili ingawa hawajawahi kulowanisha miguu baharini, na wana wajibu wa kulisema kuhusu nyamunyamu kwanza. Waumini wao watawaelewa bila shida: wao ndio wale wanaookota ndagala juu ya mkeka.